Barabara ya Cumberland Haikujengwa kwa Amri

Kuna hadithi inayopendwa sana na watu waliochoshwa na vikao. Inasema kwamba Marekani ilipokuwa changa, haijatimiza hata miaka 30 tangu ijitangazie uhuru, ilihitaji barabara ya kuvuka milima ya Appalachia kwenda magharibi. Rais Thomas Jefferson akaliona hilo, akatia saini sheria tarehe 29 Machi 1806, na barabara ikajengwa. Hapakuwa na upembuzi yakinifu usiokwisha, wala wadau wa kushirikishwa, wala majimbo ya kubembelezwa. Kiongozi aliona mbali, akaamua, nchi ikafunguka. Nimeisikia hadithi hii kwa wahandisi, nimeisikia kwa wanasiasa, na kila mara hufikishwa kwenye hitimisho lile lile: taifa linalotaka barabara lipunguze midomo.

Naipinga hadithi hii yote. Kama ingekuwa imetiwa chumvi kidogo tu ningeiacha ipite, lakini imegeuza mambo kichwa chini miguu juu. Barabara ya Cumberland, ambayo watu walikuja kuiita Barabara ya Taifa, ilizaliwa kwa mapatano, ikapangwa kwa mapatano, na ikapitishwa pale tu majimbo yenyewe yalipokubali. Palipokuja kuharibika ni pale ambapo wakubwa hawakutaka kukaa na kuafikiana. Anayeitumia barabara hii kuhubiri utawala wa amri ameshika shahidi wa upande wa pili.

Tarehe peke yake zinatosha kuitikisa hadithi. Sheria ilitiwa saini Machi 1806. Mikataba ya kujenga maili kumi za kwanza ilitolewa Aprili na Mei 1811. Kazi ilianza karibu na mji wa Cumberland, Maryland, Novemba ya mwaka huo huo, na barabara ikafika Wheeling, kando ya mto Ohio, mwaka 1818. Jefferson aliondoka madarakani Machi 1809. Rais anayesifiwa kwa kuijenga barabara kwa kalamu yake alimaliza kipindi chake bila jiwe hata moja kuwekwa. Kati ya saini na jembe ilipita zaidi ya miaka mitano, na kama tutahesabu kutoka siku wazo lilipoingia kwenye sheria kwa mara ya kwanza, mwaka 1802, ni miaka tisa. Miaka hiyo ilitumika kufanya mambo yale yale ambayo hadithi inadai hayakuwepo.

Tena sheria yenyewe ya 1806 haikuidhinisha kile ambacho wengi wanadhani iliidhinisha. Iliidhinisha mpango. Ilimpa Rais mamlaka ya kuteua raia watatu wenye busara na wasio na maslahi katika jambo hilo, akishauriana na Seneti, ili waende wakaipime njia kutoka Cumberland hadi sehemu fulani ya mto Ohio. Iliwapangia posho ya dola nne kwa siku kila mmoja. Mpimaji dola tatu. Wabeba minyororo ya kupimia na waweka alama dola moja. Ilieleza barabara iwe na upana gani wa kusafishwa (futi 66), katikati iinuliwe kwa mawe, udongo, kokoto na mchanga, pembeni pachimbwe mitaro ya maji, na mahali popote mteremko usizidi nyuzi tano. Ilimtaka Rais aipokee au aikatae ripoti ya makamishna hao watatu, yote au sehemu. Na ilimtaka, kabla ya ujenzi, atafute ridhaa ya majimbo ambayo barabara ingepita.

Fedha zilizotengwa zilikuwa dola 30,000. Makamishna walipomaliza kazi yao walikadiria kwamba kila maili ingegharimu dola 6,000, bila madaraja makubwa. Gawanya mwenyewe: fedha za sheria hiyo maarufu zingejenga maili tano za barabara yenye maili 130 na ushei. Hiyo haiwezi kuwa sheria ya mtu aliyeamua kujenga kesho asubuhi. Ni sheria ya watu waliotaka kujua kwanza wanaingia wapi. Bunge likaendelea kuidhinisha kidogo kidogo kila kazi iliposonga: dola 60,000 mwaka 1810, 50,000 mwaka 1811, 30,000 mwaka 1812, kisha 100,000 mwaka 1815 na 300,000 mwaka 1816. Kila fungu lilikuwa kura mpya, na kila kura ilikuwa nafasi ya mtu kusimama bungeni na kuuliza fedha za jana zimefanya nini.

Asili ya barabara hii ni biashara ya wazi kati ya serikali kuu na watu wa Ohio. Mwaka 1802 eneo hilo lilikuwa linajiandaa kuwa jimbo. Serikali kuu ilikuwa ikiuza ardhi ya umma huko, kwa bei isiyopungua dola mbili kwa ekari, na iliogopa kwamba jimbo jipya lingewatoza kodi wanunuzi kabla hawajamaliza kulipa deni lao. Albert Gallatin, waziri wa fedha, mzaliwa wa Geneva aliyehamia magharibi mwa Pennsylvania, akapendekeza mapatano. Ohio ikubali kutotoza kodi ardhi iliyouzwa na serikali kuu kwa miaka kadhaa baada ya mauzo. Kwa upande wake, serikali kuu iipe Ohio, pamoja na mambo mengine, sehemu ya mapato ya ardhi hiyo kwa ajili ya barabara. Gallatin alitaka sehemu moja ya kumi. Bunge likatoa sehemu moja ya ishirini, na mwaka 1803 ikagawanywa: asilimia tatu itumike kwa barabara za ndani ya Ohio chini ya bunge la jimbo, asilimia mbili kwa barabara ya kuifikia Ohio kutoka mashariki.

Sheria hiyo ya 1802 ilitamka kwamba barabara zitachorwa chini ya mamlaka ya Bunge la Marekani, kwa ridhaa ya majimbo zitakamopita. Gallatin hakuliweka sharti hilo kama pambo. Alijua kwamba katiba ya Marekani haikusema wazi popote kwamba serikali kuu inaweza kujenga barabara ndani ya jimbo. Bila ridhaa, mradi ungekufa kwa hoja ya kisheria kabla haujafika kwenye hoja ya fedha. Wanaoiona ridhaa ya majimbo kama kikwazo kilichowekwa njiani wanasahau kwamba bila hiyo njia yenyewe haikuwepo.

Desemba 1805 Seneti ilipata taarifa ya kamati yake, iliyoletwa na seneta Uriah Tracy wa Connecticut. Mfuko wa asilimia mbili ulikuwa na dola 12,652, fedha zisizotosha hata kwa maili tatu. Kamati ililinganisha njia kadhaa kutoka Philadelphia, kutoka Baltimore na Washington, na kutoka Richmond. Walipima umbali, walitazama milima, na jambo ambalo mimi naliona la busara kuliko yote, walitazama majimbo yenyewe yalikuwa tayari yanafanya nini. Pennsylvania ilikuwa inajenga barabara yake kuelekea magharibi, na Maryland ilikuwa na wafanyabiashara wa Baltimore waliokuwa wakisukuma barabara zao hadi Cumberland. Basi fedha haba za taifa zisirudie kazi ambayo wengine wanaifanya. Zianzie Cumberland, pale ambapo mto Potomac unakutana na mlima, na ziishie mto Ohio, kati ya Steubenville na mahali kidogo chini ya Wheeling. Wakaacha sehemu ya mwisho wazi kwa makusudi, ili wapimaji waichague kwa macho yao.

Katika Baraza la Wawakilishi mswada ulipita kwa kura 66 dhidi ya 50. Wajumbe wengi wa Pennsylvania na Virginia waliupinga, kwa kuwa kila jimbo lilitamani biashara ya magharibi iteremkie kwenye bandari zake. Upinzani ulikuwa mkali, na haukupuuzwa. Katika miaka miwili iliyofuata ndio uliounda sura ya barabara.

Jefferson aliwateua Thomas Moore na Eli Williams wa Maryland, na Joseph Kerr wa Ohio. Ripoti yao ya kwanza ilitoka mwisho wa mwaka 1806, ya pili Januari 1808. Ni kazi inayostahili kusomwa na kila mtu anayepanga barabara, kwa sababu inaanza na vigezo kabla ya kufika kwenye mstari wa ramani. Walijiwekea mambo ya kupima: ufupi wa safari kati ya mito inayopitika na mto Ohio, mahali pazuri pa kuvuka mto Monongahela, mahali pa kuufikia Ohio ambapo maji yanatosha kwa vyombo, na namna ya kusambaza faida kwa watu wengi kwa barabara fupi iwezekanavyo. Kigezo hicho cha mwisho ni cha kisiasa, na waliandika bila aibu. Barabara ya taifa ilipaswa kuhudumia watu waliopo njiani, pamoja na miji ya mwanzo na mwisho.

Wenye hadithi yao sasa watasema: lakini barabara ya amri ilikuwa inawezekana, tena kwenye milima ile ile! Ni kweli, ilikuwepo. Mwaka 1755 Jenerali Edward Braddock wa jeshi la Uingereza aliamuru askari wake wakate njia kutoka ngome ya Cumberland kuelekea ngome ya Wafaransa mahali ilipo Pittsburgh ya leo. Hakuomba ridhaa ya mtu. Walikata miti, wakapasua miamba, wakatengeneza njia yenye upana wa futi 12, na kwa majuma machache tu wakaukaribia mto Monongahela. Tarehe 9 Julai walipigwa vibaya. Braddock alikufa siku nne baadaye, akazikwa katikati ya barabara yake mwenyewe, na askari na magari wakapitishwa juu ya kaburi ili adui asilione. Miaka 50 baadaye makamishna wa Jefferson walipopita huko waliona njia inayopinda na kupanda vilima bila mpango, wakaikwepa kadiri walivyoweza. Barabara mpya iliikata ya zamani mara kadhaa, lakini ni vipande vichache tu vilivyofaa kutumika tena.

Kuna mfano mwingine wanaoupenda. Mwaka 1796 Bunge lilimruhusu Ebenezer Zane kufungua njia kutoka Wheeling, kupita kusini mwa Ohio, hadi ukingo wa mto Ohio mkabala na Limestone ya Kentucky. Mwaka uliofuata ilikuwa tayari. Kasi ya ajabu! Ila malipo ya Zane yalikuwa haki ya kumiliki ardhi kwenye vivuko vya mito mitatu, yaani alijenga njia na kujipatia vivuko vyake kwa mkupuo mmoja. Na alichokijenga kilikuwa ujia wa farasi. Miti iliangushwa, visiki vikabaki. Magari ya mizigo hayakuweza kupita humo mpaka Ohio yenyewe ilipoanza kuipanua baadaye. Aliye na haraka ya kupata ujia wa farasi anaweza kuupata kwa mwaka mmoja. Daraja la mawe la mto Casselman, lililojengwa mwaka 1813 kwa ajili ya Barabara ya Taifa, tao moja lenye urefu wa futi 80, halijengwi kwa mtindo huo.

Sasa nije kwenye hoja yao nzito zaidi, kwa sababu ipo na si haki kuiruka. Wanasema: tazama jinsi ridhaa ya majimbo ilivyogeuka siasa chafu. Maryland na Virginia zilikubali. Pennsylvania nayo ilikubali, tarehe 9 Aprili 1807, lakini kwa masharti: ikiwezekana barabara ipite Uniontown na mji wa Washington, yote miwili ikiwa ndani ya jimbo hilo. Makamishna hawakuwa wameipitisha huko. Halafu Julai 1808 Gallatin, waziri huyo huyo wa fedha, ambaye nyumba yake ilikuwa katika wilaya ile ile ya Uniontown, akamwandikia Jefferson kwamba wilaya ya Washington hukipa chama chao kura zipatazo 2,000 zaidi ya wapinzani wao, na kwamba ikikasirishwa na barabara hii, chama kinaweza kulipoteza jimbo zima la Pennsylvania katika uchaguzi ujao. Barabara ikapinda ikaenda Washington. Je, huu ndio ushirikishwaji unaousifu?

Naijibu hoja hii bila kukwepa. Barua ya Gallatin ni barua ya mwanasiasa anayehesabu kura, na sioni sababu ya kuipaka rangi. Lakini tujiulize kura 2,000 ni nini. Ni wakulima na wenye maduka wa wilaya moja, walioambiwa kwamba barabara kubwa kuliko zote nchini itavuka jimbo lao na kuupita mji wao kwa mbali. Walikuwa na njia moja ya kumfikia Rais, nayo ni kura, na Gallatin aliyewahi kuwawakilisha bungeni aliwasikia. Kama angekuwa waziri katika nchi ya amri asingekuwa na haja ya kuwasikia, wala barua hiyo isingeandikwa. Mji wao ungebaki pembeni na hakuna mtu ambaye leo angejua kwamba waliwahi kulalamika.

Pia tazama jinsi jambo lenyewe lilivyoamuliwa. Februari 1808 Jefferson alilieleza Bunge kwamba ameikubali njia hadi Brownsville, kwenye mto Monongahela, na kwamba imepindishwa ipite Uniontown. Kutoka hapo hadi mto Ohio akasema bado haijaamuliwa. Hakuificha tofauti kati ya ripoti ya makamishna na matakwa ya jimbo. Kisha akaagiza njia ya kupitia Washington ichunguzwe kabla ya kukubaliwa. Ombi la kisiasa lilipitishwa kwenye mnyororo wa mpimaji kama maombi mengine. Waliokataa njia ya makamishna walijulikana, sababu zao zilijulikana, na mabadiliko yalitolewa taarifa bungeni. Ningependa kuonyeshwa mradi wa amri ambao kupinda kwake kunaweza kufuatiliwa hivi, herufi kwa herufi, baada ya miaka mia mbili. Miradi ya amri nayo hupinda. Hupinda kuelekea shamba la mkubwa, na karatasi haionekani.

Na Jefferson mwenyewe, shujaa wa hadithi, alikuwa na maoni gani? Desemba 1806, miezi minane baada ya kutia saini, alipeleka bungeni hotuba yake ya mwaka. Hazina ilikuwa inaanza kuwa na ziada, naye akapendekeza ziada hiyo itumike kwa elimu, barabara, mito na mifereji. Lakini akasema kwamba kwa hilo ingefaa katiba irekebishwe kwanza, kwa sababu mambo hayo hayamo katika orodha ya yale ambayo katiba iliyaruhusu fedha za taifa zitumike. Yaani mtu anayesimuliwa kama bingwa wa kuvunja ukiritimba wa taratibu alikuwa anawaomba wabunge wake utaratibu mrefu kuliko wote, wa kubadili katiba. Barabara ya Cumberland aliikubali kwa kuwa ilikuwa na mkataba wa Ohio mgongoni na ridhaa za majimbo matatu mkononi. Ondoa vitu hivyo viwili, na kwa imani yake mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kusogeza jiwe.

Ninaposifu ridhaa hiyo siwezi kunyamazia mahali ilipokoma. Zile asilimia mbili zilitokana na kuuzwa kwa ardhi iliyokuwa ya mataifa ya Walenape, Washawnee, Wawyandot, Wamiami na wengine, waliolazimishwa kuiachia kwa Mkataba wa Greenville mwaka 1795, mwaka mmoja baada ya kushindwa vitani huko Fallen Timbers. Hata njia ya kwanza kabisa ya kuvuka milima kutoka Cumberland, ambayo Braddock alikuja kuifuata, watu walikuwa wakiiita kwa jina la Nemacolin, kiongozi wa Kilenape aliyesaidia kuiwekea alama. Pennsylvania iliulizwa mji gani upitiwe. Mataifa hayo hayakuulizwa kama yalitaka barabara itakayoleta maelfu ya walowezi kwenye mabonde yao, na fedha za kuijenga zilikuwa bei ya nchi yao. Hapo ndipo amri ilipotumika kweli katika historia ya barabara hii. Anayetaka kuona jinsi serikali inavyoenda kasi isipolazimika kumsikiliza mtu, aangalie hapo, kisha atuambie kama ndiyo kasi anayoitamani.

Kwa upande wa ujenzi, barabara ilikuwa ghali kuliko makadirio. Chini ya msimamizi David Shriver, sehemu ya mashariki ya mto Ohio ilimalizika kwa wastani wa takriban dola 13,000 kwa maili, zaidi ya mara mbili ya hesabu ya makamishna. Siwatetei. Walikosea hesabu, kama wanavyokosea wengi. Lakini kwa kuwa fedha zilitoka kwa mafungu, kila ongezeko lilionekana na kujadiliwa, na Bunge likachagua kuendelea likijua linachokilipia.

Kosa kubwa lilikuwa jingine, nalo halikutokana na vikao kuwa vingi. Lilitokana na kikao ambacho hakikufanyika. Sheria ya 1806 ilisema barabara ichorwe na ijengwe. Nani ataikarabati? Kwa fedha gani? Nani ana mamlaka ya kumkamata mtu anayebomoa kingo zake, au anayechimba mawe yake kujengea ukuta wa shamba? Hakukuwa na neno. Majimbo yaliombwa ruhusa ya kupita. Hayakuombwa kukubaliana nani atakuwa mwenye barabara baada ya mkandarasi kuondoka. Kila mmoja alikuwa na haraka ya kuona mawe yakimwagwa.

Matokeo hayakukawia. Magari mazito ya mizigo yenye magurudumu membamba yaliikata barabara, mifugo ikaikanyaga ikipelekwa kwenye masoko ya mashariki, mvua za mlimani zikamaliza kilichobaki. Miaka michache tu baada ya kufika Wheeling, sehemu zilizojengwa mwanzo zilikuwa zimeharibika. Mwaka 1822 Bunge likapitisha mswada wa kuweka mageti ya ushuru ili wapitaji walipie matengenezo. Rais James Monroe, ambaye alikwisha kutia saini sheria za kuipa barabara hiyo fedha, akaukataa kwa kura ya turufu tarehe 4 Mei. Hoja yake ilikuwa kwamba Bunge linaweza kutoa fedha za kujengea, lakini kutoza ushuru na kuadhibu wakaidi ndani ya jimbo ni mamlaka ya utawala ambayo katiba haikuipa serikali kuu, na kwamba jimbo moja moja haliwezi kuigawia mamlaka hayo kwa ridhaa yake tu. Ingebidi katiba irekebishwe, jambo ambalo Jefferson alilisema miaka 16 nyuma na ambalo hakuna aliyekuwa tayari kulifanya. Mwaka uliofuata zikatolewa dola 25,000 za kuziba mashimo. Barabara iliyokwisha kumeza zaidi ya dola milioni moja na nusu ikawa inaishi kwa huruma ya bajeti ya kila mwaka.

Wenye hadithi humtaja Monroe kama mfano wa mwanasheria anayezuia maendeleo. Mimi namwona kama mtu aliyefikishiwa mezani swali lililorukwa mwaka 1806. Lilirukwa kwa sababu kulijibu kungechukua muda, kungezua ugomvi na majimbo, na huenda kungechelewesha kazi. Sawa, kazi haikucheleweshwa. Swali ndilo lililocheleweshwa, likarudi barabara ikiwa tayari imevunjika. Hata mfuko wa asilimia mbili ulifanyiwa mchezo huo huo: sheria baada ya sheria ilitamka kwamba fedha zinazotolewa zitarudishwa kutoka kwenye mfuko huo, na kila mbunge aliyejua kujumlisha aliona kwamba hazitarudi. Fedha za serikali kuu kwa barabara hii zilipokoma mwaka 1838, jumla ilikuwa imefika karibu dola milioni 6.8.

Jibu lilipatikana pale walipourudia utaratibu ambao hadithi inaubeza. Ohio mwezi Februari 1831, kisha Pennsylvania, kisha Maryland na Virginia mwanzoni mwa 1832, zilitunga sheria za kuipokea barabara, kila jimbo kipande chake, ziweke mageti na kutumia ushuru kuitunza. Safari hii majimbo hayakutoa ridhaa ya mkato. Pennsylvania, katika sheria yake ya tarehe 4 Aprili 1831, ilikataa kupokea barabara mbovu: serikali kuu iikarabati kwanza iwe katika hali nzuri, na itoe fedha za kujenga nyumba za watoza ushuru na mageti yenyewe. Maryland ikadai hivyo hivyo. Bunge likakubali Julai 1832. Wahandisi wa jeshi wakapelekwa milimani, wakaijenga upya kwa kokoto zilizovunjwa na kushindiliwa kwa mtindo wa Mskoti John McAdam, na kule Brownsville wakaweka juu ya kijito cha Dunlap daraja la kwanza la chuma cha kusubu nchini Marekani, lililokamilika mwaka 1839. Mageti yakajengwa kwa fedha za taifa na kuendeshwa na majimbo. Mwaka 1822 serikali kuu haikuweza kusimamisha hata geti moja. Miaka kumi baadaye ililipia mageti yale yale, kwa sababu wenye mamlaka ya kutoza ushuru walikuwa wameshaulizwa na kutaja masharti yao.